Miraba Sita ya Nyasi

Nyasi zilikuwa zimekufa kwa miduara.

Ukisimama chini, karibu na uwanja wa besiboli, ulichoona ni ukahawia tu, kuanzia kibao cha mpigaji hadi karibu na ukuta wa nyuma. Sajini Wanda Piekarz wa upelelezi, polisi ya Utica, alipanda hadi safu ya juu kabisa ya viti ndipo akaiona miduara yenyewe. Aliihesabu: kumi na minne, imepandana kingo kama sahani zilizotandazwa ovyo mezani. Katikati ya kila mduara kulikuwa na kinyunyizio cha maji.

Akashuka.

Mzee Ottavio Scalzo, Tavio kwa watu wa mji, alikuwa amesimama kando ya kilima cha mrushaji, kofia mkononi, kama mtu aliyewahi msibani kabla ya wenzake. Alikuwa mwajiriwa wa manispaa, na kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyeutunza uwanja wa Kilgore. Makocha walikuja na kufukuzwa, wachezaji walipanda ligi kubwa au wakarudi kwao kuuza magari, na Mzee Tavio akabaki na nyasi zake.

"Hii sumu haikumwagwa kwa mkono, mzee," Wanda alisema. "Imepita kwenye vinyunyizio."

"Eti?"

"Nionyeshe pampu."

Kufuli la chumba cha pampu lilikuwa zima. Bawaba zilikuwa na kutu ya miaka, hakuna aliyezigusa. Ndani kulikuwa na tangi la kuchanganyia mbolea na maji, limesuguliwa hadi linang'aa.

"Nani ameliosha hili?"

"Mimi. Nikimaliza kazi naosha vyombo vyangu."

"Ulilitumia lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa tano."

"Funguo za hapa ziko ngapi?"

"Tatu. Wangu, wa mhandisi wa manispaa, na wa Tuttle." Jina hilo la mwisho alilitoa kama anayetema kokwa.

Grayson Tuttle alikuwa meneja wa Wafumaji, timu ya besiboli ya mji huo. Mmiliki wa timu, tajiri ambaye Utica haikuwahi kumwona zaidi ya mara mbili, alitaka kuihamishia Marlow, Carolina Kaskazini, ambako walikuwa wanamjengea uwanja mpya. Kilichomzuia ni mkataba uliomfunga Kilgore hadi mwaka 1990. Mkataba huo ulikuwa na tundu moja: ligi ikiukuta uwanja haufai kuchezewa, timu iko huru. Mkaguzi wa ligi angefika Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne, na Wafumaji walikuwa ugenini hadi mwisho wa wiki.

"Mwanangu, usijichoshe," Mzee Tavio alisema. "Nenda kamkamate Rudy Vroman. Si alisema redioni, mji mzima ukisikia? 'Wakiondoka hawa, ardhi ile nitaimwagia chumvi, asicheze mtu tena.' Maneno yake hayo."

"Nitafika kwake."

"Baba yako angekuwa hai angelia hapa. Kiti chake kile pale, safu ya tisa."

Wanda hakugeuka kukitazama. Alikuwa anatembea kandokando ya ukuta wa kushoto, macho chini. Pale pembeni, ambapo kivuli cha ukuta hukaa hadi adhuhuri na nyasi huota nzito kuliko kwingine, alikuta mashimo. Yalikuwa miraba sita, kila mmoja upana wa hatua, kina cha vidole vinne, na kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa rula.

"Na hii?"

Mzee Tavio alikawia kidogo kufika. "Watu wa ofisi ya kilimo. Walikuja jana kuchukua sampuli."

Wanda alipiga goti, akachota udongo ndani ya shimo moja, kisha mwingine hatua mbili pembeni, akauweka katika vichupa viwili na kuviandika.

*

"Vijiko sita, afande," alisema Bi Oosterhout wa ofisi ya kilimo ya jimbo, saa nane mchana, akiwa bado na koti jeupe. "Tulichukua vijiko sita vya udongo. Tungefanya nini na bustani nzima?"

"Hamkukata miraba ya nyasi?"

"Hatuna hata koleo kwenye gari." Alimsogezea karatasi. "Sumu yako ni dawa ya kuua magugu, ile wanayopiga kwenye reli. Haiui jani tu, inakaa kwenye udongo. Nyasi huanza kubadilika rangi baada ya siku tatu au nne. Ikiwa watu waliziona zikigeuka Jumapili, basi sumu ilitiwa Jumatano au Alhamisi."

"Na vichupa vyangu viwili?"

"Hapo ndipo nilipokuna kichwa. Udongo wa ndani ya shimo una sumu mara tatu ya ule wa pembeni."

"Kwa sababu maji yalituama mle."

"Ndiyo maelezo pekee ninayoyaona."

"Kwa hiyo mashimo yalikuwapo kabla ya sumu."

Bi Oosterhout alimtazama. "Nani anakata nyasi nzuri namna ile kabla ya kuziua?"

Wanda alikunja karatasi akaitia mfukoni. Kutoka hapo alikwenda ofisi ya maji. Karani alimtolea chati ya matumizi ya wiki iliyopita: mstari wa Kilgore ulilala chini siku zote, ukapanda ghafla Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, ukashuka saa kumi na mbili na nusu.

"Jumanne ilinyesha," Wanda alisema.

"Ilinyesha? Chumba changu cha chini kiligeuka bwawa," karani alijibu. "Mtu amwagilie uwanja kesho yake? Huyo ana wazimu."

*

Baa ya Rudy Vroman ilinukia makaroni ya kuku kwa pilipili, na Rudy mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa akifuta kaunta.

"Nilijua utakuja. Nimevaa hata shati safi."

"Ulisema utaimwagia ardhi chumvi."

"Nilisema pia nitamla Tuttle na haradali. Mbona hamniulizi hilo?"

"Jumatano alfajiri ulikuwa wapi?"

Rudy aliweka kitambaa chini. "Mahabusu, afande. Ya Elmira. Tulikwenda na basi la mashabiki kwenye mechi ya Jumanne. Mvua ikachelewesha mchezo kwa saa mbili, nikanywa. Nikamwambia refa jambo kuhusu macho yake, akakasirika, nikamwambia kuhusu mama yake. Wapigie. Wametunza hata mkanda wangu."

Wanda alipiga simu palepale kaunta. Elmira walimkumbuka vizuri.

"Sasa sikia," Rudy alisema simu ilipokatika. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ningetaka kuwaudhi kweli wale, ningetoboa matairi ya basi lao. Nyasi? Nyasi si zao, nyasi ni za Mzee Tavio. Mwaka ule mke wake alipofariki, alizika saa nne, saa kumi alikuwa uwanjani anakata nyasi, maana kulikuwa na mechi. Mtu wa Utica aziguse zile? Hayupo. Tafuta mgeni."

"Tuttle ana ufunguo."

"Basi mwenyewe umeshamaliza."

*

Tuttle alimpokea Wanda kwa mikono miwili. Alikuwa na tai ya hariri na sauti tamu ya watu wa kusini. Juu ya meza ndefu kulikuwa na mfano wa uwanja mpya wa Marlow, umetengenezwa kwa mbao nyepesi, na miti ya sponji kuuzunguka.

"Inasikitisha sana, sajini. Sana. Ufunguo wangu huu hapa, haujawahi kutoka kwenye droo. Na Jumatano nilikuwa Marlow, watu arobaini walikula chakula na mimi."

"Ulikwenda lini?"

"Jumatatu. Nilirudi Ijumaa. Tiketi za ndege unazo ukizitaka."

"Umejiandaa vizuri."

"Ninaishi mji ambao watu wake wananitemea mate kwenye kioo cha gari. Lazima nijiandae."

Wanda aliinamia ule mfano. Uwanja ulikuwa wa kijani kibichi, sawasawa kila mahali, unang'aa. "Kule mtapanda nyasi za aina gani? Joto ni kali."

Tuttle alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kweli. "Nyasi? Sajini, hatutakata jani tena maisha yetu. Zulia la plastiki. Linawekwa mwezi wa nane. Mvua ikinyesha, mashine inanyonya maji, nusu saa mnacheza. Watu wawili na ufagio wanatosha."

"Watunza uwanja hamtachukua?"

"Wa kutunza nini?" Akamkabidhi kijitabu cha rangi. "Ukurasa wa nne, kuna picha ya mafundi wanalikata."

Wanda alikipokea. Alikuwa amefika mlangoni alipouliza, "Mzee Scalzo anajua haya?"

Tabasamu halikuondoka usoni mwa Tuttle, ila lilikaa pale muda mrefu kuliko lilivyohitajika. "Mzee Scalzo ni mtu wa manispaa. Sina la kuzungumza naye."

*

Nyumba ya Mzee Tavio ilikuwa mtaa wa mashariki, barazani kuna viti viwili na kimoja tu kimechakaa. Hakuitikia hodi. Wanda alizunguka nyuma, akapita nyanya zilizofungwa kwenye vijiti, hadi kwenye kibanda cha zana. Upande wa kivulini alikuta trei sita za mbao, zimefunikwa kwa magunia yaliyolowa.

Aliinua gunia la kwanza. Nyasi zilikuwa za kijani, nzito, zimepunguzwa vizuri. Alitoa futi yake akapima, akaandika. Kipimo kilikuwa kilekile cha mashimo ya kando ya ukuta.

"Zimwagie basi, maadamu umezifunua," sauti ilisema nyuma yake. "Jua hili litaziunguza."

Mzee Tavio alikuwa ameshika ndoo. Alizimwagia mwenyewe, polepole, akazifunika tena, ndipo akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Ulizikata Jumanne," Wanda alisema.

"Jumanne jioni. Mvua ilikuwa imelainisha udongo."

"Na Jumatano alfajiri ukafungua pampu. Halafu leo ukanituma kwa Rudy. Mtu aliyekubeba mgongoni ulipovunjika mguu, mzee, ukanituma nikamfunge."

"Nilijua hutamfunga. Alikuwa Elmira."

"Ulijua?"

"Nilitaka siku moja tu ipite. Siku mbili. Ijumaa ifike."

Wanda alitoa daftari. "Nani alikuletea dawa?"

"Nililikuta pipa mlangoni pa pampu. Sikumwona aliyelileta."

"Nani alikwambia litakuja?"

Mzee Tavio alijikuna ndevu. "Tuttle. Alikuja hapa, akakaa barazani kwenye kile kiti cha marehemu mke wangu. Akasema timu itaondoka tu, ikiwa sasa au ikiwa tisini, na mimi tisini nitakuwa na miaka sabini na tatu, manispaa itakuwa imeshanitupa. Akasema Marlow wanataka mtu anayejua. Mtunza uwanja mkuu, na nyumba ndogo karibu na geti. Nikamwambia siendi bila nyasi zangu. Akasema, zilete, Tavio, tutazianzishia pale." Alionyesha trei kwa kidevu. "Hizi zimetokana na mbegu niliyoichagua mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Hizi sita zinatosha kuanzia. Miaka mitatu tu uwanja mzima umejaa."

"Mliandikishana?"

"Tulipeana mkono."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya nani tena? Mimi na yeye."

Wanda alifungua kijitabu ukurasa wa nne, akakiweka juu ya gunia. Mzee Tavio alivaa miwani. Alitazama picha, akasoma maandishi ya chini yake, midomo ikitikisika. Akafunua ukurasa wa tano, wa sita, akarudi wa nne.

"Hii ni sehemu ya maegesho," alisema.

"Ni uwanja, mzee. Nimemuuliza mwenyewe. Hakuna jani hata moja kule. Alicheka nilipomuuliza."

"Alicheka?"

"Alicheka."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama tena. Kisha akakifunga kijitabu na kumrudishia kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Andika," alisema. "Nitatia sahihi."

Alisimulia yote bila kuruka kitu: kiasi cha dawa, mpangilio wa valvu, dakika alizoacha kila kinyunyizio kikizunguka. Alipomaliza, Wanda alitumia simu ya jikoni kumpigia mwanasheria wa manispaa, akamsomea.

"Hiyo ni kamba ya kutunyonga sisi," mwanasheria alisema. "Huyo ni mtu wetu, tunamlipa sisi. Ligi itasema manispaa imeua uwanja wake yenyewe. Nipe Tuttle, Wanda."

"Tuttle alitoa mkono. Karatasi hakutoa."

"Basi mkono hauendi mahakamani. Ijumaa mkaguzi akikuta jangwa lile, timu imekwenda. Mlete huyo mzee uwanjani aonyeshe alivyofanya, tupige picha. Ndilo tulilonalo."

*

Wanda hakumfunga pingu. Walifika Kilgore saa kumi na moja jioni, jua bado kali, wakakuta barabara imezibwa na magari.

Walikuwa watu wapatao mia mbili. Wengine walikuwa na matoroli, wengine malori madogo, wengine wamebeba mabegani nyasi zilizokunjwa kama mikeka, udongo ukiwadondokea mgongoni. Geti lilikuwa wazi, na mbele kabisa alikuwa Rudy Vroman, tope hadi kwenye viwiko.

"Mzee Tavio!" alipaza sauti. Watu wakaanza kupiga makofi. "Tumekufuata nyumbani tukakukosa! Tazama, tumezichimbua majumbani kwetu. Bibi Kowalczyk hana bustani tena, amebaki na matope na sanamu ya Bikira Maria."

"Msinichekeshe mimi," alisema bibi mfupi aliyeshika mkeka wa nyasi kama mtoto mchanga. "Zangu ni safi, nimezing'olea kila gugu. Mzee Tavio, tuanzie wapi? Wewe tuamuru tu. Tuna leo, kesho na keshokutwa."

Mzee Tavio alimtazama Wanda. Wanda alikuwa anatazama geti.

"Msiziweke," mzee alisema.

"Nini?"

"Msizitandike. Zitakufa kabla ya Ijumaa. Udongo wenyewe una sumu."

"Tumeambiwa ni majani tu," Rudy alisema.

"Si majani tu. Imeshuka inchi nne. Na mabomba yamejaa, mkifungua maji mnaziua mara ya pili."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Rudy aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu mzito wa masikio. "Inchi nne. Nani amekwambia inchi nne?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi umejuaje?"

"Niliipimia. Ni mimi niliyeitia, Rudy."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akadhani ni utani wa wazee, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Bibi Kowalczyk aliweka mkeka wake chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, mara mbili, tatu, ingawa ilikuwa imeshatakata. Hakumtazama tena.

Rudy akasogea. Wanda akaingia katikati yao.

"Niache, afande, simgusi," Rudy alisema. Alikuwa anapumua kwa mdomo. "Nilikutetea leo. Kwa huyu huyu. Nilimwambia mtu wa Utica hawezi."

Mzee Tavio alivua kofia.

"Inchi nne, una hakika?"

"Chimbeni tano."

"Na mabomba?"

"Kuna valvu ya mwisho nyuma ya ubao wa matokeo. Ifungueni, maji yatoke nje saa mbili nzima. Yasiguse uwanja."

Rudy aligeuka. "Inchi tano!" sauti ya tarumbeta ilirudi, lakini imepasuka katikati. "Nyasi zote kivulini, zifunikeni! Wenye makoleo ndani! Wasio nayo wakaazime!" Akasimama hapohapo, mgongo kwa mzee. "Mpeleke, afande. Picha zenu mtapiga siku nyingine. Tusimwone hapa."

Watu walipita kuingia, pande zote mbili za Mzee Tavio, bila kumgusa, kama maji yanavyopita nguzo. Wanda alimshika kiwiko akamrudisha garini, akamfungulia mlango wa nyuma.

Kupitia geti waliwaona wakipanga mstari karibu na ukuta wa nyuma. Koleo la kwanza liliingia ardhini, kisha mengi kwa pamoja.

"Wanaanzia vibaya," Mzee Tavio alisema, mkono kwenye kioo. "Kule nyuma mkaguzi hafiki. Waanzie kibaoni kwa mpigaji. Waambie, Wanda. Waambie waanzie kibaoni."

Wanda aliteremka. Alikwenda hadi getini, akamwambia Rudy maneno mawili, "Anzieni kibaoni," akarudi, akaketi nyuma ya usukani. Mzee aliinama mbele kati ya viti.

"Umewaambia?"

Wanda akawasha gari.